Yule "Profesa" wa Kihispania amenipa mimba mbele ya wageni, nataka elfu ishirini yangu

Mpasua Vumbi:
Wakuu, naandika vumbi la Mto wa Mbu likiwa bado kichwani. Sijaoga, sijala, na sili mpaka niseme. Jina simtaji. Hakuna mwongoza watalii Arusha hii asiyemjua: miwani ya jua saa mbili usiku, "hola hola" kwa kila apitaye, na kile kitini cha kurasa 12 anachokiuza elfu ishirini utadhani hati ya kiwanja.

Leo nina familia ya watu sita kutoka Sevilla, bibi yao ana miaka 81. Tunatoka Manyara, pancha. Natoa jeki, ile nyekundu yenye mpini uliofungwa kwa mpira wa tairi, inazama mchangani. Natoa, naweka jiwe, inazama tena. Dakika arobaini wazee wa watu wanaungua jua. Nikaona aibu. Nikakumbuka kitini, ukurasa wa 4, kanuni kuu ya Profesa: "Chukua neno la Kiingereza, kata mkia, bandika -ado au -ción, tayari Kihispania." Embarrassed, basi embarazado. Nikasimama mbele yao, mkono kifuani, nikatamka kwa sauti ya kanisani: "Perdonen, estoy muy embarazado."

Wakuu, embarazada ni MJAMZITO.

Kimya. Hata nyani barabarani waliacha kutafuna. Kisha yule bibi akashuka kwenye gari taratibu, akakunja kipepeo chake cha kujipepea, akanigusa nacho tumboni, hapa juu ya mkanda, akauliza: "¿De cuántos meses, hijo?" Miezi mingapi, mwanangu!

Miezi mingapi! Mimi, baba wa watoto watatu! Akina mama wauza ndizi nyekundu wakauliza kuna nini, mjukuu akawaeleza kwa mikono, akichora tumbo kubwa hewani. Soko zima likahamia kwenye gari langu.

Kinachoniuma ni kwamba kanuni yenyewe ina sumu tamu. Migration ni migración, conservation ni conservación. Niliyasema Serengeti wageni wakapiga makofi, nikakiamini kitini chote. Kumbe aibu kwao ni "vergüenza", neno lisilofanana na lolote! Jioni nimemlalamikia kwenye grupu la madereva, watu 240, amejibu: "Hongera mzazi mtarajiwa."

Narudia, labda kuna ambaye hajaelewa. Bibi wa miaka 81. Kipepeo. Tumbo langu.

Chai ya Rangi:
Mkuu, tuanze kuchanga za nepi? Mimi naweka buku mbili.

Mama Njiro:
Pole kaka, lakini una nafuu. Kitini hicho hicho mimi kilinifundisha nikisikia joto niseme "estoy caliente". Tarangire, mchana wa Oktoba, gari limejaa wanaume wanne, nikawatangazia. Kumbe nimewaambia nina ashki! Joto ni "tengo calor". Aliyekuwa amekaa mbele aliomba kuhamia kiti cha nyuma kabisa.

Mpasua Vumbi:
Pole dada. Ila wewe hukuguswa tumbo.

Jongoo Mwendo:
Huo ni uvivu wenu. Lugha ya watu mnaipata kwa kitini cha kurasa 12? Mimi nimekaa na Wahispania Zanzibar miaka mitatu. Mhispania akikwambia "estoy constipado" ukadhani ni "constipated" ya Kiingereza, yaani amefunga choo, usimletee dawa ya kufungua tumbo, ana mafua huyo! Na ole wako umuulize mpishi kama juisi ina "preservativo" ukidhani ni "preservative", dawa ya kuhifadhi chakula. Hiyo ni kondomu.

Chai ya Rangi:
Mpasua Vumbi angelijua hilo neno la mwisho mapema asingekuwa na miezi.

Landikruza Kuukuu:
Na "sopa" je? Nilipeleka wageni boma, morani akawasalimia "Sopa!" kama Wamasai wanavyosalimia. Mzee mmoja akashika tumbo akasema gracias, tumeshakula. Alidhani anakaribishwa supu.

Nesi Mstaafu:
Mnacheka, lakini maneno haya yanaumiza. Florida, 1980, kijana wa miaka 18 wa familia ya Kicuba alifikishwa hospitali hajitambui. Ndugu zake wakasema ni "intoxicado". Kwao maana yake amedhurika na kitu alichokula au kunywa. Madaktari wakasikia Kiingereza, wakamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo. Alipooza mikono na miguu. Fidia ilikubaliwa ya kama dola milioni 71. Anayeuza kitini cha namna hiyo anacheza na watu.

Mpasua Vumbi:
Asante mama! Ndicho ninachosema! Leo tumbo langu, kesho mgonjwa!

Mkia wa Nyumbu:
Mimi ugomvi wangu si Kiingereza, ni Kiswahili chetu. Nimewakatia wageni mapera, nikajitapa "pera, pera". Wakatazamana. Pera kwao ni tunda la pea, "pear" ya Kiingereza, hili letu ni guayaba. Na nikimwita mpishi "kaka!" watoto wao wanagaragara chini. Caca kwao ni mavi.

Mama Njiro:
Yesu! Na mimi hapo juu nimeandika "pole kaka".

Mkia wa Nyumbu:
Bora hiyo. Baba ni udenda.

Jongoo Mwendo:
Tuseme ukweli, tatizo la huyo Profesa si lugha tu. Ana darubini yangu tangu Juni. Kila nikimpigia, yuko Ngorongoro, hakuna mtandao.

Landikruza Kuukuu:
Ana darubini yako? Mimi aliazima jeki! Ya tani tatu, nyekundu, mpini ulikatika nikaufunga mwenyewe kwa mpira wa tairi.

Chai ya Rangi:
Ngoja. Someni tena uzi kule juu.

Mpasua Vumbi:
Hiyo jeki aliniuzia elfu sitini mwezi uliopita, alisema ya marehemu shemeji yake. Tusihame kwenye mada. Kitini ni elfu ishirini, na kile kipepeo...

Landikruza Kuukuu:
Kipepeo tutazungumza. Uko wapi saa hizi? Naja na bodaboda kuchukua jeki yangu.