Tupeane uzoefu: mliowahi kuishi na Wafulani Mali, Burkina au Afrika ya Kati, mliona nini?

Wakuu habari. Watu humu wakisikia ugaidi wa Sahel tu utasikia "Wafulani hao", kabila zima la wafugaji linabebeshwa lawama, mi inaniuma kwa kweli. Nilifanya kazi Bamako na jamaa Mfulani wa upande wa Mopti, katikati ya Mali, mtu wa swala tano na kazi yake, kila akipanda basi kwenda kwao wakifika kwenye geti la wanajeshi vitambulisho vinakusanywa, wenye majina ya Diallo, Barry, Sow wanashushwa wengine wanabaki kwenye siti zao. Machi 2019 waliuawa Wafulani zaidi ya 150 kijiji cha Ogossagou, wanamgambo wa Kidogon, kabila jirani la wakulima, wakatuhumiwa, serikali ikatangaza kuvunja kile kikundi lakini silaha kikabaki nazo, na Februari 2020 kijiji kilekile kikavamiwa tena. Baadaye binamu wa yule jamaa yangu akajiunga na watu wa Amadou Koufa, kiongozi wa wapiganaji wa jihadi wa Mali ya kati. Jamaa akaniuliza, nani mwingine angempa bunduki alinde ng'ombe wa baba yake? Karibuni mseme mliyoyaona.

Jibu: Mkuu mi nilikuwa Berberati, Afrika ya Kati, na kikosi chetu cha kulinda amani. Wafulani wa kule wanaitwa Mbororo. Anti-balaka, wanamgambo wa kule ambao wengi ni Wakristo, waliwaua na kuwapora mifugo mpaka wengi wakakimbilia Cameroon, kuna mzee nilimkuta alikuwa na zizi la maana, kabaki na fimbo ya kuchungia na redio. Ndo wakatokea 3R, kundi la waasi la Wafulani, wakidai wanawatetea, halafu Mei 2019 haohao wakaua raia zaidi ya 40 vijiji vya jirani na Paoua, na lawama zikarudi kwa wafugaji ambao hata bunduki hawajawahi kushika.

Jibu: Mimi nilikaa Ouaga (Ouagadougou, Burkina) na mume wangu. Koglweogo wa kule ni kama sungusungu, walianza na wezi wa mifugo tu. Januari 2019 watu wenye silaha walimuua chifu wa kijiji cha Yirgou, kisasi cha Koglweogo kikaenda kwa Wafulani wa maeneo yale, serikali ikasema wamekufa 49, mashirika ya kiraia yakasema zaidi ya 200. Mama Mfulani aliyekuwa anatuuzia maziwa pale mtaani wateja wakamkimbia, majirani wakaanza kuuliza wanae wako wapi, wakati mmoja ni fundi pikipiki hapo hapo tunamwona kila siku! Wakahamia Ivory Coast familia nzima.

Jibu: Pole dada. Na huko Ivory Coast walipokelewa vipi, una mawasiliano nao bado?