Dar hadi Frankfurt na mama: Amsterdam, Addis Ababa au Doha, ndege ikiharibika?

Binti Gerezani
Wanajamvi, naomba ushauri wenu kabla sijalipia tiketi. Ninamsindikiza mama yangu kutoka Dar es Salaam kwenda Frankfurt, ambako dada yangu anatarajia kujifungua. Wakala amenipa njia tatu: KLM kupitia Amsterdam, ambayo ni ghali kuliko zote, Ethiopian kupitia Addis Ababa, na Qatar kupitia Doha. Bei naweza kuivumilia, ila nina hofu ya jambo moja. Jirani yetu alikwama ugenini kwa sababu ndege yao iliharibika, na kwa maelezo yake hakuna aliyewajali hadi kesho yake. Je, hitilafu ya kiufundi ikitokea, ni njia ipi ambayo abiria hatatelekezwa?

Mzee wa Chumbageni
Binti yangu, swali ni zuri lakini umetunyima nusu ya habari. Je, safari nzima iko kwenye tiketi moja yenye namba moja ya uhifadhi, au wakala amekuunganishia tiketi mbili ili bei ishuke? Viza zenu zinakwisha lini, na mnarudi lini? Mama ana umri gani, na afya yake ikoje? Bila majibu hayo kila mtu hapa atakutajia shirika analolipenda yeye.

Mama Wawili
Mimi ningepita Addis Ababa bila kufikiri mara mbili. Shirika lenyewe liko nyumbani pale, lina ndege nyingi, na ikiharibika moja hutafutwa nyingine. Isitoshe, mtu mzima hapati shida ya chakula.

Mswahili wa Bonn
Dada, Mama Wawili ana hoja kuhusu wingi wa ndege, lakini jambo la sheria lisipuuzwe. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 humlinda abiria yeyote anayeondoka katika uwanja wa Umoja huo, hata akipanda ndege ya shirika la nje. Anayeondoka nje ya Ulaya kuelekea huko hulindwa pale tu ndege inayoruka inapokuwa ya shirika la Ulaya. Kwa hiyo, katika safari ya kwenda, kati ya njia zako tatu ni ile ya Amsterdam pekee iliyo chini ya kanuni hiyo, mradi ndege inayoruka iwe ya KLM kweli. Angalieni maneno madogo kwenye tiketi, kwa sababu namba ya safari inaweza kuwa ya shirika moja na ndege ikawa ya jingine.

Safari ya kurudi ni habari nyingine. Mkiondoka Frankfurt kwa tiketi moja hadi Dar es Salaam, mnalindwa hata mkikwama Doha au Addis Ababa, kwani mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua hivyo katika shauri la abiria aliyetoka Berlin kwenda Agadir kupitia Casablanca. Kwa umbali unaozidi kilomita 3,500 fidia ni euro 600 kwa kila abiria anayefika akiwa amechelewa saa nne au zaidi, mbali na chakula, hoteli na usafiri wa kwenda hotelini.

Kiboko ya Mawakala
Hayo ya euro 600 ni hadithi za kuwafurahisha wasafiri. Mashirika husema "hitilafu ya kiufundi ni jambo lisiloepukika," na mazungumzo yanaishia hapo.

Mswahili wa Bonn
Husema hivyo, ndiyo, na mahakama imewakatalia. Mwaka 2009 abiria wa KLM kutoka Quito alifika Amsterdam akiwa amechelewa saa 29, kwa sababu pampu ya mafuta na kifaa kingine cha injini vilikuwa na kasoro, na vipuri vilibidi visafirishwe kutoka Amsterdam. Shirika lilijitetea kwamba vifaa hivyo vilikuwa havijamaliza muda wake wa kawaida wa kutumika. Mwezi Septemba mwaka 2015 mahakama iliamua kwamba uharibifu wa namna hiyo ni sehemu ya kawaida ya kuendesha ndege. Kinachobaki kuwa udhuru ni mambo kama kasoro iliyofichika ya kiwandani inayotangazwa na mtengenezaji, au hujuma.

Fundi Mbawa
Nimefanya kazi kwenye karakana za ndege, kwa hiyo naomba niongeze upande wa mafundi. Aghalabu kinacholeta saa ishirini na ushee ni kipuri kukosekana mahali ndege ilipo. Shirika likiharibikiwa kwenye makao yake makuu, kipuri kiko ghalani na ndege ya akiba huenda iko uwanjani. Likiharibikiwa Dar es Salaam, kipuri huja na ndege ya kesho. Halafu marubani na wahudumu wana kikomo cha saa za kazi: kazi ya saa tatu ikiwakuta wamebakiwa na mbili, hawaruki, hata ndege iwe imepona. Kwa hiyo ulizeni pia shirika linaruka mara ngapi kwa siku.

Mama Wawili
Ndiyo maana mimi hukwepa ndege zilizozeeka.

Fundi Mbawa
Dada, umri si kipimo. Baadhi ya ndege za Airbus A220 za Air Tanzania zilikuwa bado changa ziliposimamishwa mwaka 2022 kwa sababu ya injini za Pratt & Whitney, na Boeing 787 zenye injini za Rolls-Royce Trent 1000 zilikaa chini katika mashirika mengi duniani zikisubiri injini. Ndege kuukuu yenye vipuri tele huweza kuruka kesho asubuhi ilhali mpya inangoja.

Kiboko ya Mawakala
Umeitaja Air Tanzania. Kwa nini tusilipande shirika letu wenyewe badala ya kutajirisha wageni?

Mzee wa Chumbageni
Kwa sababu kwa sasa haliwezi kukufikisha huko. Umoja wa Ulaya uliliweka kwenye orodha ya mashirika yaliyozuiwa mwezi Desemba 2024, na mwezi Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyopewa vyeti nchini kwetu. Tumrudie binti, ambaye bado hajatujibu.

Binti Gerezani
Shikamoo Mzee, na samahani kwa kuchelewa. Njia mbili za kwanza ni tiketi moja. Ya Doha ni tiketi mbili, ndiyo maana ni rahisi. Mama ana miaka 71 na anatumia insulini. Viza zetu zinakwisha siku tatu baada ya tarehe ya kurudi. Bima tunayo, ile ya euro 30,000 iliyodaiwa na ubalozi.

Msafiri wa Makorora
Insulini! Hilo lilitakiwa liwe kwenye mstari wa kwanza. Ngoja nieleze yaliyonikuta, na shirika sitalitaja. Tulikuwa tunarudi Afrika Mashariki kutoka mji mmoja wa Ulaya. Tulipandishwa, milango ikafungwa, tukakaa na mikanda hadi watoto wakaanza kulia, ndipo rubani akatangaza kwamba kuna tatizo la mfumo wa haidroliki na mafundi wanalishughulikia. Tulishushwa usiku. Mizigo ilibaki tumboni mwa ndege, na humo ndimo zilimokuwa dawa za mzee mmoja kutoka Mombasa, ambaye mwanawe alizunguka kaunta moja baada ya nyingine akiomba begi moja tu lifunguliwe, huku kila mhudumu akimwelekeza kwa mwenzake. Hatimaye daktari wa uwanjani ndiye aliyemwandikia dawa nyingine.

Kulipokucha tuligawanywa. Wenye viza halali walipelekwa hotelini, na ambao viza zao za kuingia mara moja zilikuwa zimeshagongwa muhuri wa kutoka waliambiwa wasubiri ndani. Wenye tiketi mbili ndio walioumia zaidi, kwa sababu shirika la pili liliwahesabu kuwa hawakutokea, wakanunua tiketi upya kwa bei ya siku ile. Baadaye tuliletewa vocha za safari. Wengi walitia saini kwa uchovu. Mimi nilikataa, kwa kuwa kanuni inataka fidia itolewe kwa fedha isipokuwa abiria mwenyewe akubali vocha kwa maandishi. Nilidai kwa barua, nikakataliwa, nikadai tena nikiitaja hukumu ya 2015, ndipo wakalipa.

Mzee wa Chumbageni
Basi hiyo ya Doha ya tiketi mbili ifute kabisa, si kwa ubaya wa shirika, bali kwa namna ilivyokatwa. Insulini iwe mkononi pamoja na barua ya daktari. Na bima hiyo ya ubalozi ni ya matibabu na kurejeshwa nyumbani. Usidhani italipa hoteli kwa ajili ya ndege kuchelewa.

Mama Wawili
Basi si Addis Ababa imeshinda?

Mswahili wa Bonn
Kwa kwenda, bado ningelipa zaidi nipite Amsterdam, kwa kuwa wakikwama pale tayari wamo ndani ya eneo la viza yao.

Fundi Mbawa
Nami kwa hilo natofautiana nawe. KLM ikiharibikiwa Dar, kipuri kinatoka Amsterdam. Ethiopian kinatoka Addis Ababa, karibu zaidi.

Binti Gerezani
Nimemwomba wakala bei ya Doha kwa tiketi moja. Ameahidi kunijibu Ijumaa.

Mkaazi wa Maskati
Samahani kwa kuingilia. Sisi tunaosafiri kati ya Maskati na Dar es Salaam tunalindwa na nini?

Mswahili wa Bonn
Kanuni ya Ulaya haiwafikii. Mnao Mkataba wa Montreal wa 1999, kifungu cha 19, ambao hulipa hasara mliyoithibitisha, wala si kiwango maalumu, na dai lifunguliwe mahakamani ndani ya miaka miwili. Tunzeni risiti za chakula, teksi na hoteli.

Mkaazi wa Maskati
Na risiti za simu je?