Nichukue ipi: Binti, Rosewater au The Old Drift?

Baba Nuru (Dodoma)
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka. Shemeji yangu yuko Nairobi, anarudi Ijumaa kwa basi, na amesema ataniletea vitabu viwili. Nataka riwaya za kisayansi za Kiafrika, za mambo ya anga na siku zijazo. Nimebaki na tatu: Binti ya Nnedi Okorafor, Rosewater ya Tade Thompson na The Old Drift ya Namwali Serpell. Bajeti elfu themanini. Nichukue zipi?

Mtiabidii
Rosewater, usijiulize mara mbili. Nigeria ya mwaka 2066, kiumbe kimetoka anga za mbali, mji mzima umeota kulizunguka kuba lake. Mara moja kwa mwaka kuba linafunguka na wagonjwa wanafurika wapone. Sasa angalia ufundi: wengine wanapona vibaya, na wafu wanainuka wakiwa miili isiyo na nafsi. Mwandishi ni daktari wa magonjwa ya akili, na unalihisi hilo anapokuingiza kichwani mwa Kaaro, mhusika mkuu. Ilishinda tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2019. Sijasoma kitu kama kile.

Shangazi Mpole
Baba Nuru, msomaji ni nani? Wewe au mtoto? Kiingereza chake kikoje? Hujatuambia lolote, na watu wameshaanza kukuchagulia.

Baba Nuru
Samahani shangazi. Ni binti yangu, ana miaka 13, kaingia kidato cha kwanza mwaka huu. Msingi kasoma Kiswahili, sasa masomo yamegeuka Kiingereza na ameanza kuvichukia vitabu. Anachopenda ni nyota. Jioni anatandika mkeka uani, analala chali, anahesabu setilaiti zinazopita. Nikaona nipitie mlango huo.

Shangazi Mpole
Haya, sasa tunaongea. Rosewater iondoe kabisa. Ina mambo ya kitandani na mauaji, tena inarukaruka miaka. Mimi mtu mzima kila sura nilikuwa narudi kuangalia tarehe. The Old Drift naipenda mno. Humo yumo Edward Mukuka Nkoloso, yule mwalimu wa kweli wa Zambia aliyewafunza vijana safari ya mwezini miaka ya 1960 kwa kuwabingirisha mlimani ndani ya pipa la mafuta. Lakini ni kurasa zaidi ya 500. Mpe akifika kidato cha tano.

Mwana wa Kilindini
Ndugu zangu, mbona nyote mwaisahau Walenisi ya Katama Mkangi? Ilitoka 1995, kwa Kiswahili. Dzombo ahukumiwa kifo, afungiwa chomboni, arushwa angani, kisha atua kwenye nchi ya watu waliostaarabika kuliko sisi. Lisome jina polepole: wale ni sisi. Mtoto anayechukia kitabu hamrudishi kwa lugha inayomuumiza.

Mtiabidii
Walenisi ni riwaya ya siasa, mkuu. Kile chombo ni njia tu ya kumfikisha Dzombo anakotakiwa. Sayansi iko wapi?

Mwana wa Kilindini
Na kuba la Rosewater lina sayansi gani? Mwandishi amechukua kitu kisichokuwapo ili tukione kilichopo. Mkangi alifanya vivyo hivyo, naye aliwahi kutiwa kizuizini kwa fikra zake. Hata jina hatujakubaliana: huyu asema riwaya ya kisayansi, yule asema bunilizi. Tusimtoe mtu mlangoni kwa sababu ya jina.

Mlezi wa Vitabu
Mimi naleta jina ambalo halijatajwa: Akata Witch, ya Okorafor huyohuyo, ya 2011. Sayansi si nyingi, ni uchawi zaidi, ila mhusika ana miaka 12 na Kiingereza chake hakimchoshi mtoto. Sunny ni mtoto mwenye ualbino anayekaa Aba, Nigeria, anapenda mpira lakini jua halimruhusu kucheza. Kwa watoto wa Tanzania hiyo peke yake ni sababu ya kuisoma.

Lakini sikiliza yaliyonipata. Niliinunua, nikaipenda, nikatamani inayofuata. Nikamwomba mdogo wangu aliyekuwa London anitafutie vya mwandishi huyo ambavyo sina. Akapata What Sunny Saw in the Flames. Alipunguza nguo kwenye begi ili kitabu kiingie. Kilipofika nikaketi barazani, nikafungua: mtoto anautazama mwali wa mshumaa na humo anaiona dunia inateketea. Nikafunua mbele. Sunny. Aba. Mpira. Ni kitabu kilekile! Toleo la huko na la Nigeria lilibadilishwa jina, maana “akata” ni neno la kuwadharau Wamarekani weusi. Mdogo wangu sikumwambia hadi leo. Kwa hiyo mwandikie shemeji majina yote mawili, asije akadhani amekuletea viwili.

Baba Nuru
Ahsante sana, hilo nisingelijua. Na Binti je? Nuru kavutiwa na jina lenyewe.

Shangazi Mpole
Binti ni nyembamba, ataimaliza wikiendi moja, na ilichukua tuzo za Hugo na Nebula zote mbili. Msichana wa Kihimba, kabila la Namibia, hodari wa hesabu, anatoroka nyumbani usiku kwenda chuo kikuu kilichoko sayari nyingine. Chombo chao ni kiumbe hai. Ila njiani wanavamiwa na karibu wote wanauawa, na yeye anayaona. Isome wewe kwanza.

Mtiabidii
Mimi kilichonisumbua ni jina. Mhimba kuitwa Binti?

Mwana wa Kilindini
Neno hilo nasi tulilipata kwa Waarabu, likawa letu. Maneno yasafiri kuliko watu.

Mlezi wa Vitabu
Kama hela haitoshi, jarida la Omenana liko mtandaoni bure tangu 2014. Hadithi fupi za watu wa bara zima. Mtoto asome moja kwa simu kabla hujanunua.

Mtiabidii
Simu tena? Hapo hatupati msomaji. Atasoma aya mbili, ujumbe unaingia, kwisha.

Shangazi Mpole
Wangu walianzia kwenye simu na leo wanagombania karatasi. Tusitishane.

Baba Nuru
Wakuu, jana usiku tulifungua sampuli ya Binti mtandaoni, mimi nasoma kwa sauti, yeye ana kamusi mapajani. Tulienda kurasa nne kwa saa nzima. Tulipofika kwenye otjize akanisimamisha: “Baba, huu udongo anaojipaka upo kweli?” Nikakosa jibu.

Mlezi wa Vitabu
Upo. Wahimba wa kaskazini mwa Namibia wanachanganya mawe mekundu yaliyosagwa na samli, wanajipaka mwilini na kwenye nywele. Kitabuni Okorafor ameyabadilisha kidogo, ametia mafuta ya maua.

Mwana wa Kilindini
Kuna mwenye Walenisi ya kuazima, Mombasa au Kilifi? Yangu ilichukuliwa na hairudi.