Mafuta ya samaki Komoro: jodari akiuzwa kwa meli za Ulaya, kweli watu watakosa mafuta?

Nahodha Mstaafu
Wadau salaam. Jana barazani tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Ishu ni Komoro. Mnakumbuka 2017 Umoja wa Ulaya uliwapiga kadi nyekundu, yaani samaki wao wasiingie soko la Ulaya, kwa kushindwa kusimamia meli zinazopeperusha bendera yao, na 2018 mkataba wa uvuvi wa jodari ukavunjwa kabisa. Sasa swali letu: Komoro ijisafishe, irudi mezani iuze leseni tena, au bahari iachiwe wenye ngalawa? Kuna mmoja alishupalia kwamba wasiuze asilani, ati visiwa vile mafuta ya mwilini yanatoka kwa samaki, ukimuuza jodari umeuza mafuta ya watoto.

Mimi leseni siipendi, nasema mapema nisije nikaonekana wakala. Lakini hiyo hoja ya mafuta haisimami. Sehewa, yule jodari mdogo mwenye mistari tumboni, gramu mia za nyama yake zina mafuta kama gramu moja tu. Jodari mkubwa hivyo hivyo. Mtu mzima wa kalori 2,000 kwa siku, WHO wanamwambia mafuta yasizidi asilimia 30, yaani kama gramu 66. Sasa piga hesabu, kuzipata hizo kwa sehewa peke yake ule kilo sita na nusu kwa siku, nani ana tumbo hilo? Mafuta ya Mkomoro yanatoka kwenye nazi, mafuta ya kupikia ya dumu na mabawa ya kuku ya kuagiza nje. Samaki anamletea protini.

Bint Shamba
Kaka Nahodha hesabu yako sawa ila umeipigia mahali pabaya. Hiyo gramu moja umeidharau tu kwa udogo wake. Karibu robo yake ni omega 3 ile ya baharini, kama miligramu 250, na hicho ndicho kiasi anachoshauriwa mtu mzima kwa siku! Sasa nenda kaitafute kwenye dumu la mafuta ya kupikia, hata ulinywe lote huipati. Bawa la kuku na ngozi yake lina mafuta mara kumi na zaidi ya sehewa lakini hiyo ni kalori tu unajaza. Kwa hiyo mtu akisema mafuta ya watoto yanauzwa hajakosea sana, amekosea kipimo.

Mpita Njia 77
Kwenye mabishano haya watu hutoa takwimu za FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, za gramu za mafuta kwa kichwa kwa siku, sasa mjue zinavyopatikana. Wanachukua kilichovuliwa, wanaongeza kilichoagizwa, wanatoa kilichouzwa nje, wanagawa kwa idadi ya watu. Hakuna aliyeingia jikoni kwa mtu. Na samaki wa mtu na ngalawa yake anayeishia kwa shemeji na jirani nani kamwandika? Halafu gramu ya mafuta ya samaki na gramu ya mafuta ya kuku kwenye jedwali zinahesabiwa sawasawa, ndo maana mnabishana bure.

Mzee wa Kusi
Nimekaa Moroni miaka minne, acheni niwaeleze kitu. Ngazidja, kisiwa chenye huo mji wa Moroni, ni mlima wa volkano umesimama baharini, ukitoka ufukweni kidogo tu kina kimeshaporomoka, kwa hiyo mvuvi wa ngalawa anamfikia jodari bila kwenda mbali. Na usiku wanashusha mshipi chini sana wanamtafuta samaki wanamwita nessa. Huyo sasa ndo ana mafuta wadau!! Shida mafuta yake ni ya aina ya nta, tumbo haliyasagi, yanapita kama yalivyoingia. Nilikula kipande kikubwa kwa ubishi wangu, mwenyeji kanikataza nikamwona mchoyo, kesho yake sikutoka nyumbani na suruali nikaitupa. Kwenye mshipi huo huo wa nessa ndipo alikuwa akinasa gombessa, yule samaki wa kale (coelacanth) aliyewaletea wazungu wazimu 1952, naye nyama imejaa mafuta na haifai kuliwa. Kwa hiyo Mpita Njia yuko sahihi, mafuta kuwepo kwenye samaki si mafuta kuwepo kwa mtu.

Nahodha Mstaafu
😂😂 Shekhe pole na suruali. Bint Shamba nakubali hapo umenipata, nilikuwa natazama wingi. Lakini sasa nijibu hili, meli za Ulaya zilipokuwa na mkataba zilikuwa zinavua mbali kule, samaki wanashushwa Victoria kule Shelisheli, Moroni haiji hata mkia. Zikiondoka, huyo jodari anakuja sahani ya Mkomoro? Si anaogelea zake tu aende kuvuliwa kwenye maji ya jirani? Jodari hana pasipoti.

Bint Shamba
Haji mwenyewe, ndiyo. Ila hela ya leseni nayo ikiingia inanunua nini? Mabawa.

Mzee wa Kusi
Hapo ndo penyewe. Niwaambie nilichokuwa nakiona. Siku jodari wameingia wengi, saa nne asubuhi kina mama wanauza vipande kwa bei ya kawaida, saa saba jua kali, umeme umekatika, barafu hakuna, nzi wameshajikusanya, bei inaporomoka na wengine wanaishia kuweka chumvi. Pembeni duka lina friza na jenereta, maboksi ya mabawa yamepangwa, mama anachukua bawa kwa sababu bawa litakuwepo kesho na keshokutwa. Hajamkataa samaki. Na hayo hayo mafuta ya samaki mnayoyagombania nayo yanachacha upesi kuliko ya kuku.

Halafu tumbo la jodari na kichwa, pale nyuma ya jicho, ndiko mafuta mazuri yaliko. Wenyeji wanakijua, kichwa hakitupwi, kinapikwa mchuzi. Kwenye kopo la kiwandani unapata ile nyama kavu wameimwagia mafuta ya alizeti.

Mpita Njia 77
Kwa hiyo msimamo ni upi, wauze wasiuze?

Nahodha Mstaafu
Mimi nabadilisha kidogo. Wauze, lakini leseni ilipwe kwa mitambo ya barafu na vyumba vya baridi kila kisiwa, Ngazidja, Nzwani na Mwali, na iandikwe kwenye mkataba, isiwe ahadi ya hotubani.

Bint Shamba
Na umeme wa kuendesha hiyo mitambo ya barafu? Mzee wa Kusi kasema sasa hivi unakatika.

Nahodha Mstaafu
Ngoja nikaswali nitarudi.