Ukoo wa Kamehameha wa Hawaii ulikoma 1872 au 1893?

Kihesa_Juu: Kamwene wadau. Kijiweni hapa Iringa kuna ubishi. Mmoja anasema ukoo huo ulikoma 1893, Malkia Liliʻuokalani alipopinduliwa. Mwingine anasema ulishatoka kitini zamani, wafalme wakawa wanapigiwa kura. Mfalme anapigiwaje kura?

Rungwe_Mvua: Huyo wa pili yuko sahihi. Kamehameha V alifariki 11 Desemba 1872, hana mke wala mtoto wa ndoa. Dada yake Victoria Kamāmalu, aliyekuwa mrithi, alitangulia 1866. Siku hiyohiyo ya kufa kwake, mfalme alimpa kiti Bernice Pauahi, kitukuu wa Kamehameha I, mwasisi wa ufalme huo. Bernice akakataa.

Kura ilitoka kwenye Katiba ya 1864, kifungu cha 22. Mfalme asiye na mtoto anateua mrithi kwa ridhaa ya baraza la wakuu, kisha anamtangaza hadharani yeye mwenyewe angali hai. Asipotangaza, mawaziri wanaita bunge, nalo linachagua mmoja wa aliʻi, yaani watu wa damu ya kichifu. Wafalme wawili mfululizo walikufa bila kutangaza! Lunalilo alichaguliwa 8 Januari 1873, akafa kwa kifua kikuu 3 Februari 1874. Siku tisa baadaye wabunge wakapiga tena: Kalākaua 39, Malkia Emma, mjane wa Kamehameha IV, 6. Wafuasi wa Emma wakavamia jengo la mahakama walimokuwa wabunge, hadi wanajeshi wa meli za Marekani na Uingereza wakashushwa kutuliza.

Mlambalasi: Mkuu, ongeza hili. Mama yake Lunalilo alikuwa mtoto wa ndugu wa baba mmoja wa Kamehameha I, kwa hiyo hakuwa mtu baki. Tena Kamehameha IV na V walikuwa watoto wa Kīnaʻu, binti wa Kamehameha I. Kwa hesabu yetu Wahehe, ya upande wa baba, kiti kilishahama tangu 1854 alipokufa Kamehameha III. Wao damu ya mama waliihesabu, na wakati mwingine ndiyo iliyopima uzito wa mtu.

Kihesa_Juu: Sasa Liliʻuokalani naye alipigiwa kura?

Rungwe_Mvua: Hapana. Kalākaua, kaka yake, hakurudia kosa. Alimtangaza kwanza mdogo wao Leleiōhoku. Huyo alipofariki 1877, akamtangaza Liliʻuokalani. Januari 1891 Kalākaua akafia San Francisco, dada akashika kiti bila bunge kuitwa. Na mrithi wake, Kaʻiulani, alikuwa ameshateuliwa. Yaliyotokea 17 Januari 1893 ni mapinduzi, hayana uhusiano na kukosa mrithi.