Tupeane uzoefu: Vidole vyenye sugu na simu za kupangusa

Ndugu wanajukwaa, naomba tupeane uzoefu kuhusu wazee wetu waliofanya kazi za mikono maisha yao yote, pale wanapohama kutoka kitochi kwenda simu ya kupangusa.

Mama yangu, ambaye amebangua korosho kwa zaidi ya miaka 30, nilimnunulia simu hiyo ili azione sura za wajukuu wake. Nilipompigia kwa majaribio, alitelezesha alama ya kijani mara nne bila simu kupokelewa, akafuta kioo kwa upindo wa khanga, kisha akaiweka mkekani akisema, "Mwanangu, hii hainijui." Neno lile liliniuma sana. Baadaye nilielewa kwamba kioo cha namna hii hakipimi nguvu ya kubonyeza kama batani, bali huhisi badiliko dogo la umeme linalotokea mwili wenye maji na chumvi unapokigusa, na ngozi kavu iliyoota sugu hulizuia badiliko hilo karibu sawa na glavu. Tulibandua protekta, tukawasha mpangilio wa kuongeza wepesi wa kioo kuhisi mguso, nikamwonyesha kugusa kwa ubavu wa kidole, penye nyama laini. Sasa anapokea mwenyewe. Miamala ya M-Pesa bado anaifanyia kwenye kitochi kwa *150*00#, na ninamuunga mkono, kwa sababu batani anaipapasa hata gizani.

Mchangiaji wa kwanza: Mimi ni muuza samaki, na kwangu shida ni maji. Tone likidondokea kioo, simu hulihesabu kuwa kidole na kufungua vitu ambavyo sikuvigusa. Siku hizi ninatembea na kitambaa kikavu mfukoni.

Mchangiaji wa pili: Babu yangu mikono inamtetemeka, hivyo huweka kidole na kukikawiza. Simu ilidhani anashikilia kwa makusudi ili kuhamisha au kuondoa alama ya programu, na kila wiki WhatsApp ilipotea kwenye kioo. Sisi wajukuu tukamgombeza bure, jambo ninalolijutia hadi leo. Dawa ilikuwa kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility), yaani ile ya kuwasaidia wenye shida ya kuona, kusikia au kutumia mikono, ambako muda wa kugusa na kushikilia unaweza kurefushwa. Niliuweka ule mrefu kabisa, na tangu siku hiyo hajapoteza kitu.