Mjadala: Ufukwe wa ziwa ukizungushiwa uzio, wanakijiji wakaogee wapi?

Mleta mada: Wakuu, huku Kanda ya Ziwa kila kipande cha mchanga mzuri kando ya Victoria kinapata mwenyewe. Zinaanza nguzo, inafuata seng'enge hadi majini, na watoto waliokuwa wakiogelea pale Jumapili wanaambiwa walipe kiingilio au wazunguke. Msimamo wangu: hoteli zijengwe, lakini kupita, kuoga na kupumzika ufukweni kuwe bure kwa kila mtu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Sawa. Ila inasema nini kisifanyike. Haimwambii mwanakijiji apite wapi kufika majini. Mita 60 zinaweza kuwa tupu kabisa na usizifikie, kwa sababu viwanja vya nyuma yake vimebanana bila hata kichochoro. Hapo ndipo tunapigwa bao, tena kihalali.

Kijana wa Kisiwani: Mkuu, umeongelea haki, hujaongelea taka. Ufukwe wa bure tunaujua: chupa za plastiki, vigae vya chupa za bia mchangani, na mtu akizama hakuna wa kumwokoa. Mwenye hoteli akitoza kiingilio, walau kuna anayefagia na anayewatazama waogaji. Mamba je?

Nesi wa Zahanati: Kiingilio hakiui konokono, mdogo wangu. Kichocho kiko kwenye maji yenye majani na konokono, uwe umelipa au hujalipa. Ufukwe wa hoteli nao upimwe.

Mama Dagaa: Mnabishania kuogelea, na sisi tunaoanika dagaa? Mgeni hataki harufu, kwa hiyo wa kwanza kufukuzwa ni mimi, kabla hata ya hao watoto wenu. Halafu hizo mita 60 zinapimwa kuanzia wapi? Mwaka 2006 maji yalikuwa yamekimbia mbali. 2020 ziwa likajaa hadi likaingia majumbani. Aliyepimiwa 2006 akiweka uzio wake leo, ukingo wake uko wapi?

Mleta mada: Mama, swali lako ni zito kuliko mada yangu. Mimi naona ipimwe kuanzia pale maji yanapofika yakijaa, ingawa wenye hati hawatafurahi.

Kijana, taka ni kweli. Lakini kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo kikatoza magari yanayoegeshwa na vibanda vya biashara, fedha hiyo ikamlipa mfagiaji na mwangalizi. Anayekuja kwa miguu na taulo begani asiguswe. Muhimu zaidi, njia za kwenda ziwani na eneo la kuanikia zichorwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kabla mwekezaji hajaonyeshwa kiwanja. Ukichora baadaye unaomba hisani.

Kijana wa Kisiwani: Na kule kulikokwisha kugawiwa?

Mleta mada: Kule ni kukaa na mwenye kiwanja, njia ikatwe pembeni mwa uzio wake, yeye afidiwe. Akikataa, mkutano mkuu wa kijiji udai mihtasari ya kikao kilichomgawia, ionekane kama aligawiwa kihalali. Mara nyingi tutaanzia hapo hapo.

Mama Dagaa: Njia iwe pana. Mtumbwi haubebwi kichwani.